Kulungu Yuko Mita 200, na Mkono Wako Haujatulia

Mtu akivaa miwani ya uhalisia pepe (VR) kwa mara ya kwanza na kuingia kwenye gemu ya kuwinda, risasi kumi za mwanzo hupotea zote. Baada ya hapo lawama ni zilezile: gemu mbovu, bunduki haijalengeshwa, mnyama ana hirizi. Msimamie pembeni umtazame, utaona mengine kabisa. Viganja vyake vinakaribia kugusana. Miwani imemtelemkia puani. Mbele yake kuna kabati lenye kioo kirefu, na kila anapopeleka mkono begani kuchomoa mshale, mkono huo unatoka machoni mwa kamera. Mnyama hajatokea bado, na shabaha imeshakoswa.

Tunazungumzia hapa miwani inayojitegemea kama Quest 2, Quest 3 na Quest 3S za kampuni ya Meta, ambayo kamera, kompyuta na betri vyote vimo ndani yake, pamoja na pedi mbili za kuchezea gemu, moja kila mkono. Anayetumia miwani ya kuunganisha kwenye kompyuta au PlayStation 5 atakuta mengi yanamhusu pia.

Anza na chumba. Kamera zilizo usoni mwa miwani hujua ulipo kwa kutazama kona za meza, fremu za picha, maua ya pazia, chochote chenye alama. Ukuta mweupe mtupu hauzipi cha kushika, ndiyo maana unaona pori zima linateleza taratibu kushoto ilhali umesimama palepale. Tundika kanga mbili ukutani. Kioo kikubwa kina ubaya wa namna yake: kinazionyesha kamera chumba cha pili ambacho hakipo, na vitaa vya infraredi vya pedi, ambavyo jicho lako halivioni, vinaonekana mara mbili. Kifunike kwa shuka. Mwanga uwe wa kumtosha mtu kusoma gazeti, usiwe jua linaloingia moja kwa moja dirishani. Kama taa zako ni za kupepesa, fungua mipangilio ya ufuatiliaji uchague Hz 50, masafa ya umeme wa Tanzania, Kenya na Uganda. Ikiwa imewekwa Hz 60, mikono ndani ya gemu inaweza kutetemeka huku ya kwako imetulia.

Nafasi ya mita 2 kwa 2 inatosha, lakini tazama juu pia. Mpaka wa eneo la kuchezea, unaouchora sakafuni ukiwa umevaa miwani, hauijui dari. Kuchomoa mshale kwenye podo la mgongoni ni kuinua mkono mpaka juu ya kichwa, na nyumba zetu nyingi zina pangaboi. Lizime kabla hujavaa, au sogea upande ambao halifiki. Hewa itafutwe kwa feni ya kusimama, iwekwe mbele yako. Inakupoza, halafu ngozi ya uso inajua daima mbele ya chumba ni wapi, hata baada ya kugeuka mara tano ukifuata nyayo.

Sakafu nayo ipimwe. Wakati wa kuweka mpaka, gusisha pedi chini kabisa, usikubali kimo ambacho miwani imekikisia. Sakafu ikikisiwa sentimita 15 chini ya ilipo, unakuwa mrefu kuliko ulivyo, na kichaka ulichodhani kimekuficha kinaacha paji la uso wako nje.

Halafu macho. Umbali kati ya mboni mbili unatofautiana kati ya mtu na mtu, na lenzi lazima zikae mbele ya mboni. Quest 2 na 3S zina nafasi tatu tu: milimita 58, 63 na 68. Quest 3 ina gurudumu dogo chini ya miwani, unalizungusha polepole mpaka picha itulie. Kujipima si kazi: simama mbele ya kioo, weka rula chini ya macho, fumba jicho la kulia ulinganishe sifuri na mboni ya kushoto, kisha bila kusogeza kichwa wala rula fumba la kushoto usome rula inavyosema chini ya mboni ya kulia. Rudia mara tatu. Ukiwa kwenye milimita 60 au 61, jaribu nafasi zote mbili za jirani, uchukue ile ambayo maandishi madogo yanasomeka bila macho kuuma. Hapo ndipo unapokaza mikanda: ule wa nyuma ukae chini ya kisogo, sio katikati ya kichwa, na wa juu ubebe uzito ili shavu lisiubebe. Quest 3 ina gramu 515, na uzito wote umeelemea mbele. Ukiuachia shavu, utahisi baada ya nusu saa.

Wa Mombasa, Tanga na Dar wana tatizo jingine, ukungu. Miwani iliyokaa kwenye chumba chenye kiyoyozi ni baridi, uso wako ni wa moto na una jasho, na mvuke unaganda kwenye lenzi dakika ya kwanza. Dawa yake ni kuiwasha na kuiacha mezani dakika tano ipate joto kabla hujaivaa. Lenzi zifutwe kwa kitambaa laini kikavu. Spiriti isikaribie, ni plastiki ile.

Sasa tuingie porini, maana hapa ndipo watu wanapodhani wamedanganywa.

Chukua kulungu mwenye kimo cha mita 1 begani, aliyesimama mita 200. Kwa jicho anachukua chini ya theluthi moja ya digrii. Quest 2 inaonyesha pikseli 20 hivi kwa kila digrii, Quest 3 kama 25. Kwa hiyo mnyama mzima, kwato mpaka bega, ni pikseli 6 au 7. Kifua, ambacho ndicho unachokitaka, ni pikseli 3. Huwezi kujua kama amekugeuzia ubavu au kifua, na wala si macho yako mabovu. Ndiyo maana mwindaji mzuri wa humu hafyatui kwa kukisia, anasogea. Kwa mita 80 yule yule ana pikseli 14 mpaka 18, na mkao wake unaonekana.

Darubini ya bunduki inasaidia, ila ina gharama zake. Gemu inalazimika kuchora pori mara ya pili kwa ajili ya kile kiduara kidogo. Miwani ikiwa kwenye Hz 72, yaani picha (fremu) 72 kila sekunde, kompyuta yake ina milisekunde 13.9 tu kumaliza kila fremu. Kwenye Hz 90 ni 11.1. Ukiinua darubini kwenye msitu mzito huku gemu haikutengenezwa vizuri, fremu zinakosa muda, na picha inaruka wakati uleule unapohitaji itulie. Kama kuna kipengele cha ubora wa darubini kwenye mipangilio, kishushe ngazi moja kabla ya kulaumu mkono. Jambo la pili ni jicho. Kiduara kile kinaonekana sawasawa kwa jicho moja tu, la pili linaona bomba la pembeni, na ubongo unagombana nao. Fumba moja, na ufumbe lile lisilo tawala. Kulijua lililo tawala, nyoosha mikono mbele, viganja viache kitundu kidogo kati yake, tazama swichi ya ukutani kupitia hapo kwa macho yote mawili, halafu fumba moja moja. Jicho linaloendelea kuiona swichi ndilo. Mtu wa mkono wa kulia mwenye jicho tawala la kushoto afadhali aihamishie bunduki begani kushoto kwenye mipangilio, ingawa mara ya kwanza ataona kama anaandika kwa mkono usio wake.

Kwenye bunduki yenyewe, umbali kati ya mikono ni kila kitu. Gemu nyingi huchora mstari kutoka mkono wa nyuma kwenda mkono wa mbele, na mstari huo ndio mtutu. Tuseme mikono imeachana sentimita 40, na ule wa mbele umetikisika milimita 1. Hiyo ni sehemu 1 ya 400, na kwenye mita 100 risasi inahama sentimita 25. Ndiyo tofauti ya moyo na tumbo. Sogeza mikono ibaki sentimita 20 na mtikisiko uleule wa milimita 1 unakuwa nusu mita: unakosa mnyama mzima. Anayekaza mikono mbele ya kidevu kama aliyeshika kikombe cha chai anajipunja mwenyewe.

Kwa hiyo nyoosha mkono wa mbele mpaka kiwiko kikaribie kunyooka, halafu uutafutie egemeo. Kaa kwenye kigoda, viwiko juu ya magoti. Sio magoti yenyewe hasa, ile nyama iliyo juu yake kidogo, kwa sababu mfupa juu ya mfupa unateleza. Vuta pumzi, toa nusu, zuia, bonyeza triga kama unayekamua chunusi, taratibu mpaka ikushtue. Triga ya pedi ni ndefu na laini, ukiipiga kwa ghafla mkono wa nyuma unashuka, na mkono wa nyuma ukishuka mtutu unapanda. Risasi zote zikipita juu ya mgongo wa mnyama, sababu mara nyingi ni hiyo.

Wapo wanaojitengenezea kitako cha bunduki kwa bomba la plastiki la nusu inchi, lile la maji. Kinahitaji kama sentimita 65 za bomba, kiungio cha T kwa kila pedi, kiwiko kimoja nyuma na kipande cha sentimita 12 cha kukaa begani. Pedi zifungwe kwa mikanda ya kunata na kuachia, zisitiwe gundi, kwa sababu utahitaji kuziondoa kupakia risasi. Pedi ya mbele iwe sentimita 35 mpaka 45 kutoka ya nyuma. Kosa la kawaida ni kufunga mkanda juu ya duara la Quest 2 au uso wa pedi ya Quest 3, mahali palipo vile vitaa, na mkono unapotea kila baada ya sekunde chache. Ukishafunga, rudi kwenye mipangilio urekebishe pembe ya bunduki, la sivyo bomba litaangalia mbele na mtutu utaangalia miti.

Risasi nayo haiendi kwa mstari ulionyooka. Risasi ya bunduki ya .308 iliyolengeshwa mita 100, yaani iliyorekebishwa ipige palepale inapolenga kwa umbali huo, inashuka sentimita 10 hivi ikifika mita 200, na gemu zinazoheshimu fizikia zinaifuata hesabu hiyo. Nyingine hazijishughulishi, risasi inafika pale pale ulipoelekeza. Jua mapema unacheza ipi: piga risasi tatu kwenye jiwe la mita 50, tatu kwenye la mita 200, uangalie vumbi.

Upinde ni habari nyingine, na kwa maoni yetu ndio unaostahili miwani hii kuliko bunduki. Mwili mzima unafanya kazi, na mnyama yuko karibu kiasi cha kumsikia anatafuna. Ila upinde huu hauna uzito. Mhadzabe, mwindaji wa Ziwa Eyasi, anapovuta upote, ile kamba ya upinde, anavuta kwa mgongo mzima. Wewe unarudisha nyuma kipande cha plastiki kisichofika robo kilo. Hakuna kinachokuambia umefika mwisho ila mtetemo kiganjani, na betri ya pedi ikichoka hata huo unafifia. Mtu anavuta mara sentimita 50, mara 65, na mshale mmoja unakwenda mbali kuliko mwingine. Jiwekee alama mwilini: kidole gumba kikae chini ya pembe ya taya kila mara, vidole viwili mbali na miwani. Ukikiweka shavuni, pedi inagonga miwani, na picha nzima inaruka.

Nyuma zaidi ya taya kuna mtego mwingine. Kamera zinatazama mbele, pembeni na chini. Mkono ukipita sikio hazioni kitu, na miwani inabaki kukisia kwa kihisi cha mwendo kilicho ndani ya pedi. Kukisia huko kunakwenda vizuri kwa muda mfupi sana, kisha makosa yanajumlishika na mkono unaelea. Mwindaji anayevuta upinde akashikilia sekunde nne akisubiri mnyama ageuke ataona mshale unaanza kupepesuka wenyewe. Vuta ukiwa tayari. Kama lazima usubiri, rudisha upote nusu, mkono uonekane tena, kisha uvute upya. Podo la mgongoni lina shida hiyohiyo, na zaidi: kwenye gemu nyingine limefungwa kwenye kichwa, halikufungwa kwenye kiwiliwili. Ukiinamisha kichwa kutazama nyayo, podo linainuka nyuma yako na mkono unashika hewa. Inua uso kwanza, ndipo uchomoe.

Kabla ya kuwinda, fanya jaribio moja. Vuta upote, mkono wa mbele usiutikise, halafu pandisha na ushushe ule wa nyuma. Ncha ya mshale ikisogea, gemu hiyo inalenga kwa mstari kati ya mikono miwili, na utulivu wa mkono wa nyuma ndio utakaokulisha. Isiposogea, inalenga kwa jinsi ulivyopinda kiganja kilichoshika upinde, na kazi yote iko kwenye kifundo cha mkono huo. Ni namna mbili tofauti kabisa za kupiga. Anayetoka moja kwenda nyingine bila kujua atakosa siku nzima. Vyovyote iwavyo, ukiachia, achia kidole tu. Mkono wa mbele ubaki juu mpaka usikie mshale umetua.

Mshale wa mita 60 kwa sekunde unachukua nusu sekunde kufika mita 30, na ndani ya muda huo unashuka zaidi ya mita 1. Kulungu anayetembea polepole amesogea sentimita 65. Mlio wa upote umemfikia kabla ya sehemu ya kumi ya sekunde, kwa hiyo amebakiwa na karibu sekunde 0.4 za kushtuka. Waliotunga gemu wakiwa wanajua uwindaji huwafanya wanyama wainame kabla ya kuruka, kama wanavyofanya kweli, na mshale unapita juu. Lenga chini kidogo, au mpige akiwa ameinamisha kichwa kwenye majani.

Ubavu ndio mkao wa kupiga. Fuata ukingo wa nyuma wa mguu wa mbele kwenda juu mpaka theluthi ya kwanza ya kifua, hapo kuna moyo na mapafu. Akikupa mgongo kwa mshazari, lenga ili mshale utokee kwenye mguu wa mbele wa upande wa pili. Akikutazama usoni, mwache. Damu ya pinki yenye povu ni ya mapafu, ametulia karibu. Nyekundu iliyokoza kuelekea weusi ni ya ini. Ikiwa na majimaji ya kijani, umepiga tumbo, na una safari ndefu.

Upepo wengi wanausahau kwa sababu hawausikii kwenye ngozi, na ile feni yako inavuma upande uleule siku zote. Tazama nyasi, au vumbi ambalo gemu nyingine hukuruhusu kupeperusha. Mabaharia wetu wana maneno mawili mazuri hapa, joshini, upande upepo unakotoka, na demani, upande unakoelekea: mnyama akae joshini, wewe demani, harufu yako ibaki nyuma yako. Nyasi zenyewe usiziamini sana. Miwani inayojitegemea huchora majani ya karibu tu ili kuokoa nguvu, na pale mbali mnyama anaonekana kama yuko uwanja wa mpira. Yeye lakini hakutazami kwa majani yale. Gemu inamhesabia kama umechuchumaa, umesimama au unatembea, na hesabu hiyo haijali kama wewe unaona jani au huoni. Tumia vipokea sauti vya masikioni badala ya spika za miwani, utajua tawi limevunjika kulia au nyuma bila kugeuka.

Kichefuchefu hakina mengi ya kusema: macho yanaona unatembea, sikio la ndani linasema umesimama. Anza na dakika 15, tumia kuruka-hatua (unaonyesha mahali, unatokea hapo) badala ya kutembea kwa kijiti cha pedi, geuka kwa vipande vya digrii 30 au 45. Mate yakianza kujaa mdomoni au jasho la baridi likitoka, vua hapo hapo. Hakuna anayeshinda kwa kujikaza, ubongo unajifunza kuogopa miwani tu.

Kitu ambacho hakuna runinga inayokionyesha ni ukubwa. Nyati anafika mita 1.4 mpaka 1.7 begani, na humu yuko hivyo hivyo, pua yake inalingana na kifua chako. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa michezo mwaka 1977, na Tanzania unaendeshwa kwa leseni ambazo si za mfuko wa kila mtu, kwa hiyo kwa wasomaji wengi wa hapa huyu ndiye nyati wa karibu zaidi watakayemwelekezea mtutu. Wengine humaliza kumpiga, wakamkaribia, wakaona jicho, wakazima gemu. Ni haki yao, na wala si udhaifu. Wengine hushambuliwa kabla hawajajaza risasi ya pili, nao hufanya anachofanya kila mtu mwenye akili: hurudi nyuma hatua mbili za haraka, wamesahau mpaka, wamesahau meza. Mita moja kamili nyuma yako iachwe tupu, na mikanda ya pedi ifungwe kwenye vifundo vya mikono, kwa maana pedi iliyorushwa kwa woga huwa inaelekea kwenye runinga.

Ukivua, kaa chini robo saa kabla ya kushika usukani au kupanda pikipiki, kwa sababu mwili unaendelea kupima umbali kwa kipimo cha kule. Miwani iweke kabatini, au ifunike kitambaa, lenzi zisielekee dirishani: lenzi zile hukusanya jua kama kioo cha kukuzia, na dakika chache zinatosha kuchoma doa kwenye skrini ambalo halitatoka.